Ulimwengu Usionisubiri

(Hotuba hii niliitoa mbele ya mkutano wa wachezaji wenzangu. Naiweka hapa yote kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika. Picha tulizoonyesha ukutani nimeziacha.)

Mwenyekiti, wazee wetu mliokaa mbele, ndugu zangu wachezaji, hamjambo?

Nimepewa mada ya gemu za bunilizi ya kisayansi, zile za anga, roboti, sayari ngeni na siku zijazo. Nimezicheza miaka mingi na nazipenda kuliko gemu za aina nyingine yoyote, kwa hiyo mtanisamehe nikipandisha sauti.

Nianze na swali. Ni mara ngapi umeambiwa ndani ya gemu, "Fanya haraka, mji unateketea!" nawe ukaenda zako kuvua samaki, ukauza ngozi, ukalala siku tatu, na uliporudi ukaukuta mji unateketea vilevile, kwa moto uleule, na yule aliyekuita amesimama palepale mkono juu? Ni mara ngapi? Nionyesheni mikono. Naona hata wa nyuma kabisa wameinua.

Mji ule ulikuwa unakusubiri. Adui aliye nyuma ya mlango anakusubiri ufungue. Nyota inayokaribia kulipuka inakusubiri umalize shughuli zako. Na mtu anayesubiriwa na kila kitu huja kulijua jambo moja moyoni, hata asipolitamka: kwamba nyuma ya lile pazia hamna mtu.

Mimi leo nina dai moja tu. Ulimwengu wa bunilizi ya kisayansi nautaka usinisubiri. Uwe na sheria zake, uwe na saa yake, uendelee na mambo yake niwepo nisiwepo.

Wala silidai jambo geni. Mwaka 1962, pale chuo cha MIT nchini Marekani, Steve Russell na wenzake waliiandika Spacewar! kwa kompyuta ya PDP-1. Vyombo viwili vinapigana, na katikati ya skrini kuna nyota. Nyota ile inavuta. Ukiacha kugusa swichi hubaki ulipo: unavutwa, unazunguka, mwishowe unaanguka ndani yake. Hata nyota ndogondogo za nyuma zilipangwa kwa kufuata ramani ya nyota za kweli. Hao ni vijana waliokuwa na mashine dhaifu kuliko simu yoyote iliyomo mifukoni mwenu sasa hivi, na bado walitaka sheria ya mvutano isiyompendelea mchezaji.

Miaka 16 baadaye, 1978, Tomohiro Nishikado akatuletea Space Invaders. Mnaikumbuka ile safu ya wavamizi inayoshuka? Kadiri wanavyopungua, ndivyo wanavyoongeza kasi. Kasi ile haikupangwa. Mashine ilikuwa inalemewa na kazi ya kuwachora wote, na kila ulipomuua mmoja ilipata nafuu kidogo, ikaenda mbio zaidi. Nishikado aliliona hilo akaliacha lilivyo, na alifanya vyema sana. Yule mmoja wa mwisho anayekimbia kutoka ukingo hadi ukingo, ambaye risasi yako imempita kwa nywele moja, hakusubiri. Aliyewahi kumkosa anajua tumbo linavyokaza.

Sasa nije kwenye gemu niliyoijia hapa leo. Ni Outer Wilds.

Ilitoka mwaka 2019. Ilianza kama kazi ya shahada ya uzamili ya Alex Beachum katika Chuo Kikuu cha Southern California, na mwaka 2020 ilipata tuzo ya BAFTA ya gemu bora. Unaamka kando ya moto, kwenye sayari ndogo yenye miti, unatazama juu. Una chombo kidogo cha mbao na bati. Unaruka. Baada ya dakika 22 jua linalipuka na kila kitu kinakufa, nawe unaamka tena kando ya moto uleule. Dakika 22. Mzunguko huo ukishaanza, si dakika 22 baada ya wewe kufika mahali fulani, wala baada ya wewe kuzungumza na mtu fulani. Ni dakika 22 za saa ya jua lenyewe, na jua halijui kama wewe upo.

Niwasimulie pango moja. Kuna sayari mbili pacha, Ash Twin na Ember Twin, zinazozungukana karibu mno. Moja imejaa mchanga, nyingine imejaa mapango, na mchanga unamiminika kutoka ile ya kwanza kwenda ya pili kama bomba lililoachwa wazi, tangu dakika ya kwanza. Mimi nilikuwa ndani kabisa, nimesimama mbele ya ukuta, nasoma maandishi ya Wanomai, watu wa kale wenye macho matatu, ambao maandishi yao hujiviringa kama gamba la konokono. Nikasikia mchakacho. Sikujali. Gemu nyingine zilikwisha kunifundisha kwamba mtu akisoma, dunia husimama. Nilipogeuka, mlango nilioingilia ulibaki upana wa kiganja. Mchanga ukanifika magotini, ukapanda kifuani, ukanibana kwenye paa. Nikafa katikati ya sentensi.

Je, nilikasirika? La hasha! Nilicheka kwa furaha peke yangu chumbani, kwa sababu nilikuwa nimeonyeshwa kwamba mahali pale ni pa kweli. Safari iliyofuata nilikwenda kwenye pango lile kwanza kabla ya kwenda popote, mchanga ukiwa bado uko chini. Kupotea njia ndiyo kujua njia, na sijaona gemu nyingine iliyoushika msemo huo kwa uzito huu. Humo ndani hupati silaha bora, hupati pointi, hununui injini mpya. Chombo unachoanza nacho ndicho unachomalizia nacho. Kinachoongezeka ni kimoja tu, nacho ni yale unayoyajua.

Nitatoa siri moja ndogo, na asiyetaka kuisikia azibe masikio kwa dakika mbili.

Kuna mahali panaitwa Dark Bramble. Ni ukungu na miiba mitupu, na ndani yake wanakaa samaki wakubwa kuliko nyumba, wenye taa kichwani. Mara nne niliingia, mara nne nililiwa. Niliongeza kasi nikaliwa. Nilipita pembeni nikaliwa. Nikawaza kwamba labda kuna bunduki mahali nimeikosa. Hakuna bunduki. Baadaye, kwenye sayari nyingine kabisa, nikakuta mifupa ya samaki kama wale, na ukutani maandishi ya watoto wa Kinomai wakipangiana kanuni za mchezo wao: anayejifanya samaki hufungwa macho.

Nikakaa kitako. Samaki ni vipofu! Wanasikia tu.

Nilirudi Dark Bramble. Nikazima injini mlangoni na kukiacha chombo kielee kwa kasi kilichokuwa nayo. Vidole nikavitoa kwenye vitufe nikaviweka mapajani, nisije nikagusa kitu. Taa ya kwanza ikapita kushoto, karibu kiasi cha kuyaona meno. Ya pili kulia. Ya tatu mbele kabisa, na chombo changu kinakwenda polepole kuielekea, wala sikuweza kubadili njia, kwa sababu kuwasha injini ni kelele. Niliipita. Hakuna aliyeniambia "hongera". Hakuna kengele iliyolia wala nyota ya dhahabu iliyotokea kwenye skrini. Niliketi kwenye ukungu ule huku moyo ukidunda, nikijua kwamba kilichonivusha ni mchezo wa watoto waliokufa zamani za zamani.

Fungueni masikio sasa.

Gemu za hofu nazo zinafuata mkondo huohuo, na hapa nitapita haraka. Katika Dead Space ya mwaka 2008, uhai wako umechorwa kwenye uti wa mgongo wa vazi lako, na ukifungua mkoba kutafuta dawa gemu haisimami. Katika Alien: Isolation ya 2014, hata kuhifadhi mchezo ni kazi ya mwilini: unafika kwenye kifaa ukutani, unachomeka kadi, unangoja taa ziwake moja baada ya nyingine, na wakati unangoja kiumbe kinaweza kukuchoma mgongoni. Kila nikiingiza kadi ile nilikuwa nimezuia pumzi.

Lakini mtaniuliza, na ni haki yenu: je, gemu za hadithi ndefu? Zile za mazungumzo na urafiki? Huko nako tunataka saa?

Ndiyo. Nitawaambia habari ya Mass Effect 2, ya mwaka 2010.

Wewe ni Kamanda Shepard, una meli, una wafanyakazi. Yuko msaidizi anaitwa Kelly, ambaye kila ukipita anakuambia una barua hujaisoma. Unamzoea. Humfikirii. Halafu siku moja maadui wanaiteka meli na kuwachukua wafanyakazi karibu wote, Kelly akiwemo. Unaambiwa wahi. Basi mimi nilifanya nini? Nilifanya niliyozoea. Nikasema nina kazi mbili tatu sijazimaliza, nizimalize kwanza, watanisubiri. Si ndivyo siku zote?

Nilipofika, Kelly alikuwa ndani ya chupa ya kioo, hai, anapiga kioo kwa mikono. Akayeyushwa mbele ya macho yangu. Kumbe waliotengeneza gemu walikuwa wanahesabu. Ukienda moja kwa moja, unawaokoa wote. Ukizubaa na kazi moja, mbili au tatu, nusu yao wanakufa. Ukizidi hapo, anabaki daktari wa meli peke yake. Na hakuna saa yoyote iliyoonyeshwa kwenye skrini. Nililia, ndugu zangu, na nasema hivyo bila aibu. Nililia kwa sababu ile "wahi" ilikuwa neno la kweli, na mimi nililichukulia kama mapambo.

Sasa ilinganishe na Cyberpunk 2077, iliyotoka mwaka 2020 ikiwa na matatizo mengi na baadaye ikarekebishwa sana. Naipenda. Mji wa Night City usiku wa mvua ni miongoni mwa vitu vizuri nilivyowahi kuvitazama. Lakini hadithi yake ni ya mtu anayekufa. V ana chipu kichwani inayoufuta ubongo wake, na amebakiwa na wiki chache tu. Nami niliendesha mbio za magari, nikakusanya nguo, nikawasaidia watu barabarani kwa muda usiohesabika, na V akakohoa pale tu ilipotakiwa akohoe. Kila alipokohoa nilisikia uchungu wa nafasi iliyopotea. Gemu ndogo kama Citizen Sleeper ya 2022, iliyojengwa kwa maandishi na kete tu, ilinifanya niuhisi mwili unaochakaa kila asubuhi, maana kete zenyewe zinapungua kadiri mwili unavyoharibika. Unaamka, unahesabu: jana nilikuwa na tano, leo nne. Basi. Huhitaji mtu akohoe.

Naomba nisieleweke vibaya. Sisemi tukimbizwe. Gemu niliyoichezea polepole kuliko zote ni FTL ya mwaka 2012, kazi ya watu wawili, Matthew Davis na Justin Ma. Ndani yake unaweza kusimamisha wakati ukafikiri hata saa nzima. Ila kila ukiruka kutoka nyota moja hadi nyingine, jeshi linalokufuata nalo linasogea. Siku moja moto ulishika chumba cha injini. Nilisimamisha wakati. Moto unahitaji hewa. Nikifungua milango ya nje, hewa itatoka na moto utazimika. Lakini fundi wangu yumo ndani anatengeneza injini, na fundi naye anahitaji hewa. Nilikaa pale nikitazama kidole changu kilichokuwa juu ya kitufe. Sheria ni moja kwa moto na kwa fundi. Nilifungua. Fundi alitoka akiwa amebakiwa na pumzi kidogo sana, na tangu hapo nilimlinda kuliko meli yenyewe.

Tuje kwenye ukubwa, maana ndio unaouzwa sana siku hizi. Sayari ngapi? Nyota ngapi? Mwaka 1984 David Braben na Ian Bell waliitoa Elite kwa kompyuta ya BBC Micro: makundi 8 ya nyota, kila moja na mifumo 256. Kumbukumbu ya mashine ile ilikuwa ndogo mno kuhifadhi ramani ya namna hiyo. Basi hawakuhifadhi ramani. Walihifadhi sheria ya kuitengenezea: namba chache zinazozaa namba nyingine, na kutoka hizo linatoka jina la sayari, serikali yake na bei za sokoni. Usione vyaelea, vimeundwa.

No Man's Sky ya mwaka 2016 ni mjukuu wa wazo hilo. Sayari zake ni zaidi ya bilioni bilioni 18. Hakuna diski ya kuzihifadhi; kila moja inapigiwa hesabu pale unapoikaribia. Mtasema: basi si hiyo inakusubiri uje? Nami niliwaza hivyo, na kwa muda mrefu niliishikilia kama hoja dhidi yake. Lakini tazameni. Hesabu ile ni ileile kwa kila mtu. Mlima nilioukuta mimi, wewe ukija baada yangu utaukuta palepale. Sheria ilikwisha kuamua kabla sijapata hamu ya kwenda. Kwa hiyo nimebadili msimamo, na nasema hadharani kwamba niliihukumu vibaya. Iliingia sokoni ikiwa imeahidi mengi kuliko iliyoyaleta, lakini timu ile haikukimbia; iliendelea kuijenga miaka na miaka, na masasisho yote wakayatoa bure. Hilo nalo naliheshimu.

Starfield ya 2023 ina sayari zaidi ya 1,000, na pale moyo wangu ulipoa. Kuunda chombo chako mwenyewe ni raha isiyo na mfano. Lakini nilitua kwenye sayari ya barafu nikaingia kituo kilichotelekezwa, nikatua kwenye sayari ya jangwa nikaingia kituo kilekile, vyumba vilevile, nikajua kona ya kulia kuna nini kabla sijafika. Mahali hapo pa pili palikuwa pananisubiri mimi, na hapakuwa na historia yake.

Na kama kuna gemu inayonipinga, ni SOMA ya mwaka 2015. Nalisema kwa sababu mtu mkweli huleta na shahidi wa upande wa pili. Uko chini ya bahari, na dunia ya juu imeshakufa. Hakuna saa. Milango inakungoja. Lakini inafika mahali unahitaji mwili mwingine ili uweze kushuka kwenye kina zaidi, na akili yako inanakiliwa. Unafumbua macho ndani ya mwili mpya, halafu nyuma yako unasikia sauti yako mwenyewe, kutoka kwenye kiti ulichokuwa umekaa, ikiuliza mbona bado niko hapa. Unaachiwa uamue: umzime akiwa usingizini, au umwache aamke peke yake gizani. Niliweka kidhibiti chini nikatembea chumbani. Ni mimi yule. Gemu ilinisubiri kadiri nilivyotaka, na kila dakika ya kusubiri ilikuwa nzito kuliko iliyotangulia. Sina jibu la kuwapa juu ya hilo. Inanipinga, na nimekubali inipinge.

Nigusie moja ya mwisho upande huu. EVE Online, ya kampuni ya CCP ya Aisilandi, inaishi tangu 2003. Maelfu wamo katika ulimwengu mmoja, na ukizima kompyuta yako wao hawazimi. Januari 2014, muungano mmoja ulikosa kulipia ada ya kushikilia mfumo wa nyota uitwao B-R5RB. Ada tu! Maadui wakaingia. Zaidi ya wachezaji 7,000 wakapigana kwa takriban saa 21, na manowari 75 za aina ya Titan zikateketea, vyombo ambavyo kimoja tu huchukua majuma kujengwa. Seva zikalemewa. Mnajua walifanyaje? Hawakumtoa mtu. Waliipunguza kasi ya wakati wenyewe, hadi sehemu moja ya kumi, kwa kila aliyekuwa pale, mkubwa na mdogo, mshindi na mshindwa. Wakati ukaenda taratibu, lakini haukusimama.

Nimezungumza kirefu na mwenyekiti ananitazama. Nitamaliza kwa jioni moja ya Outer Wilds.

Ndani ya gemu ile una chombo cha mkononi cha kunasia sauti. Wako wasafiri wenzako, kila mmoja peke yake kwenye sayari yake, na kila mmoja anapiga ala. Mmoja banjo, mmoja filimbi, mmoja ngoma, mmoja kinanda cha mdomo, mmoja anapiga mluzi tu. Hawaonani. Jioni ile nilikuwa nimechoka kutafuta siri. Nikaruka bila kwenda popote, nikaliacha jua nyuma, mbali, mpaka sayari zote zikakusanyika mbele yangu kama changarawe kwenye kiganja. Nikakielekeza kile chombo cha sauti kwao. Zikaingia sauti zote kwa pamoja, banjo na filimbi na ngoma, na ulikuwa wimbo mmoja. Jua lilikwisha kuwa jekundu. Nilibakiwa labda na dakika mbili. Nikazima injini, nikasikiliza mpaka mwanga ukanifikia.

Asanteni sana.